Kiti Chenye Kipimo cha Mama

Mama yangu ni fundi cherehani, lakini kazi yake hasa ni kukata vitambaa. Katika kikundi chao cha akina mama kumi na mmoja, yeye ndiye mkataji. Wengine wanashona. Mama akikosea kukata, wote kumi wanashona makosa. Kwa hiyo hakosei.

Chumba chao cha kazi kiko chini ya mteremko. Nyumba yetu iko juu. Katikati kuna barabara ya changarawe, mtaro upande mmoja na ukuta wa mawe upande wa pili. Ukishamaliza mteremko, kuna kipande cha barabara tambarare mpaka mlangoni kwao. Mwenye miguu mizima hutembea dakika kumi.

Miguu ya mama iligoma miaka miwili iliyopita. Aliugua uti wa mgongo, akalazwa miezi mitatu. Alipotoka hospitali, kichwa kilikuwa kilekile, mikono ileile, na ulimi uleule. Miguu tu ndiyo haikurudi.

Kiti cha magurudumu tulipewa na jirani. Mume wake alikuwa amefariki, na kiti kilikuwa kimebaki ukumbini kinamliza. Marehemu alikuwa pandikizi la mtu. Kiti kilikuwa kama yeye: kipana, kirefu, cha chuma kitupu. Mama alikaa ndani yake kama kijiko kwenye sufuria. Tulimjazia mito kulia na kushoto.

"Nguo ya kuazima haisitiri maungo," mama alisema siku ile, akicheka. "Lakini tushukuru. Cha bure hakipimwi."

Sote tulicheka naye. Hatukujua kwamba neno lile lingekaribia kumuua.

Kila asubuhi nilikuwa namsukuma kwenda kazini. Mama hakuweza kunisaidia. Kiti kilikuwa kipana mno, magurudumu yalikuwa mbali na mikono yake. Akijaribu kuyashika, viwiko vilinyanyuka kama mabawa ya kuku anayefukuzwa. Basi alikuwa anaweka mikono mapajani na kuniachia mimi.

Kupanda nilikuwa napumzika mara tano. Lakini kupanda si neno. Kushuka ndiko kulikonitisha. Kiti kilikuwa kinanivuta. Nilikuwa nalala nyuma, visigino vinachimba changarawe, vidole vinauma. Hofu ilikuwa inaanza tangu ninapochemsha maji ya kuoga. Sikumwambia mtu. Mimi si msemaji.

Jumatano moja kulikuwa na manyunyu.

"Tusubiri kidogo, mama," nilisema.

"Tusubiri nini? Mvua hii hata kuku haikimbii."

Tukatoka. Tulipofika katikati ya mteremko, gurudumu dogo la mbele liliingia kwenye changarawe likakwama. Niliinamisha kiti nyuma ili kulitoa. Likatoka kwa ghafla. Kandambili yangu ikateleza. Nilipiga goti chini, na mikono ilikuwa imelowa.

Niliachia.

Sijui kama nilipiga kelele. Nilimwona mama anakwenda. Kiti kilikuwa kinaruka juu ya mawe, kinapinda, kinajinyoosha. Mama alishika breki akaivuta. Gurudumu moja likakaza na lingine halikukaza. Kiti kikageuka ubavu, kikagonga ukuta wa mawe. Mama akarushwa nje kama gunia.

Nilikimbia. Kwa hatua zile zote nilikuwa nasema neno moja tu: mama, mama, mama.

Alikuwa hai. Bega lilikuwa limechubuka na nyusi imepasuka. Alinitazama kwa jicho moja, lingine limejaa damu.

"Nirudishe nyumbani," alisema.

Mfupa haukuvunjika. Lakini mama yangu yule mwenye maneno alibaki pale ukutani. Aliyerudi nyumbani alikuwa mtu mwingine.

Wiki ya kwanza alisema bega linauma. Wiki ya pili bega lilipona, lakini hakutoka. Nikisogeza kiti karibu na kitanda, alikuwa anageuza uso. Magari yakinguruma barabarani, alikuwa anashika ukingo wa godoro kwa mikono miwili, kana kwamba kitanda nacho kina magurudumu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Nami nilikuwa hivyo hivyo. Nikifumba macho, nilikuwa naona viganja vyangu vitupu.

Kiongozi wa kikundi alikuja kumwona. Ni mama mnene, mpole, anayeongea huku anakunja nguo yoyote iliyo karibu naye. Alikunja shuka yetu, akaikunjua, akaikunja tena.

"Ndugu yangu, kuna oda ya sare za shule. Tunaanza kukata Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao."

"Nileteeni hapa nikate," mama alisema.

"Kwa meza gani? Meza yetu ni mita tatu. Itapanda mteremko huu kwa miguu yake minne?"

Mama hakucheka.

"Nitakusubiri mpaka Jumatatu ile," kiongozi alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Usipokuja, itabidi nitafute mkataji mwingine. Sipendi. Lakini itabidi."

"Nimeelewa," mama alijibu. Akageukia ukutani.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na nane. Nilijua kwamba mkataji mwingine akishika mkasi ule, mama hatatoka tena chumbani mwake. Si kwa sababu ya miguu. Kwa sababu hatakuwa na pa kwenda.

Mjomba wangu, mdogo wake mama, ni mwashi. Watu wanamwita Timazi, kwa sababu ukuta wake haupindi. Alikuja na suluhisho lake Jumamosi.

"Dada, nimefikiri," alisema. "Kiti kinakimbia kwa sababu hakina uzito wa kutosha. Ukuta mwepesi ndio unaoangushwa na upepo. Ukuta mzito unatulia. Tukiongezee uzito."

Alikuwa amekuja na mfuko wa mchanga. Aliufunga chini ya kiti kwa waya, akaubana kwa koleo. Mama alimtazama kutoka kitandani. Katika siku zake nzuri angemwuliza maswali matano. Siku ile aliuliza moja tu.

"Una hakika?"

"Nikae mimi mwenyewe muone."

"Mjomba, usikae," nilisema.

"Wewe kazi yako ni uoga. Njoo ushike nyuma."

Nilikataa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumkatalia mtu mzima. Basi mjomba alikipeleka kiti mwenyewe mpaka mwanzo wa mteremko, akakaa, akaweka miguu chini iwe breki.

"Tazameni sasa kilivyo—"

Hatukusikia mwisho. Kiti kiliondoka naye. Miguu yake ilipiga chini mara mbili, ikanyanyuka yenyewe. Watu walikuwa wanaruka kando. "Timazi! Timazi anakwenda!" Aliyekuwa anauza mkaa alikumbatia magunia yake. Mjomba aliingia mtaroni na kiti chake na mchanga wake, na kwa muda tukaona viatu tu.

Alitoka anachechemea, amejaa matope mpaka masikioni.

"Kinahitaji mchanga zaidi?" muuza mkaa aliuliza.

Watu walicheka. Mimi nilikaa chini. Nilikuwa namwona mama kwenye kiti kile, na mchanga ule chini yake.

Gurudumu la nyuma lilikuwa limepinda kama chapati iliyokunjwa, spoki nane zimekatika. Tulilipeleka kwa fundi baiskeli. Aliligeuza, akaturudishia.

"Hili siligusi. Nikikosea, mtu anakufa. Nendeni kwenye karakana ya viti, nyuma ya hospitali. Muulizeni Spoki."

Mama alikataa kwenda. Tulibishana siku mbili. Mwishoni mjomba alisema, "Dada, huendi kupanda kiti. Unakwenda kukitukana mbele ya fundi." Hapo akakubali. Mjomba alimbeba mpaka kwenye teksi. Kiti kilifungwa juu ya paa kwa kamba, maana hakikuingia kokote.

Karakana ilikuwa na harufu ya mpira na grisi. Matairi yalikuwa yamening'inizwa ukutani, makubwa na madogo. Tulimtafuta fundi kwa macho, tukitegemea mwanamume mwenye ovaroli. Akaja mwanamke wa makamo, mwembamba, amevaa glavu zisizo na vidole. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu kidogo sana. Alikizungusha mara moja tu, akasimama mbele yetu sawasawa.

"Karibuni. Mimi ndiye Spoki." Alikitazama kiti chetu. Akainama. "Na huyu nani amemfunga mchanga?"

Mjomba alianza kuchunguza dari, kama mtu anayetafuta nyufa.

"Ni mimi, dada. Niliona kizito kitatulia."

"Kazi yako nini?"

"Mwashi."

"Lori la matofali. Likija limejaa, na likirudi tupu. Lipi ni gumu kulisimamisha kwenye mteremko?"

Mjomba alikuna kichwa. "Lililojaa."

"Basi umejijibu. Uzito haushiki kiti, unakisukuma. Kinachoshika ni mikono."

Aliweka kiti juu ya mizani bila mchanga. Kilo ishirini na mbili. Kisha akavuta kingine kutoka pembeni, cha alumini, akakiweka. Kilo kumi na moja.

"Tofauti ni kama ndoo ya maji," aliniambia mimi. "Umekuwa ukipandisha ndoo hiyo kila siku, juu ya mama yako. Lakini msidanganyike. Wepesi peke yake si dawa. Kiti kinaweza kuwa chepesi na bado kisimfae. Kwanza lazima kimkae."

Akamgeukia mama. "Dada, ukitoka nyumbani unakwenda wapi?"

"Siendi popote," mama alisema.

"Ulikuwa unakwenda wapi?"

Mama akaeleza, pole pole: mteremko, changarawe, barabara tambarare, meza ya kukatia. Spoki aliuliza urefu wa meza. Aliuliza upana wa mlango wetu. "Sentimita sabini," mjomba alidakia. "Nimeujenga mimi." Aliuliza nani anabeba kiti kukiingiza kwenye gari. Aliuliza mama anakaa saa ngapi kwa siku bila kujigeuza.

"Siku nzima."

Spoki aliacha kuandika. "Umewahi kutazamwa ngozi ya makalio?"

"Sihisi maumivu yoyote pale."

"Ndiyo maana nauliza. Huhisi."

Alimwita nesi. Walivuta pazia. Nilisikia nesi anasema, "Hili limetokea lini?" na mama anauliza, "Lipi?" Mimi ndiye niliyekuwa namwogesha. Nilikuwa nimeona doa jeusi kwenye nyonga, nikadhani ni la kuanguka.

"Ngozi haijafunguka," nesi alisema alipotoka. "Mna bahati. Ingefunguka, ingekuwa kidonda cha miezi, na watu wanapoteza maisha kwa vidonda hivyo. Alale ubavu wa pili, pale pasiguswe mpaka pawe sawa. Nitapatazama kila akija."

"Kiti kimefanya hivi," Spoki alisema. "Ni kipana, kwa hiyo unaegemea upande mmoja siku nzima. Sasa tukupime."

Alitoa utepe wa kupimia. Aliuzungusha nyuma ya mama, na hapo ndipo mama yangu alipofufuka.

"Utepe umelegea," alisema. "Ukilegea hivyo unaongeza sentimita mbili. Nipe."

"Haya, chukua. Nitakwambia wapi, wewe upime."

Walifanya kazi kama mafundi wawili. Upana wa nyonga, mama akiwa amekaa: sentimita thelathini na sita. Kiti cha marehemu: hamsini.

"Kumi na nne!" mama alisema. "Mteja akiniletea gauni lililozidi sentimita kumi na nne, nitamuuliza kama ameshonewa pamoja na ng'ombe wake." Halafu akashusha utepe mapajani. "Miaka ishirini napima watu. Wakisema 'nishonee pana ili nistarehe', nawagombeza. Sikujipima mwenyewe."

"Kinyozi hajinyoi," Spoki alijibu. "Tuendelee. Upana wa kiti uwe wa nyonga zako, na kiganja kimoja tu kiweze kupenya ubavuni. Kina cha kiti, pima kutoka mgongoni mpaka nyuma ya goti, halafu punguza vidole viwili. Kikizidi, ukingo utakubana nyuma ya goti na utateleza mbele. Sasa kutoka nyuma ya goti mpaka kisigino. Hapo ndipo tunapata urefu wa kuwekea miguu. Mapaja yalale sawa, na chini pabaki nafasi ya vidole vinne, usigonge mawe."

Mama alipima, mimi nikaandika.

Kulikuwa na viti vitatu karibu na kipimo kile. Mjomba alivutiwa na cha nne, kilichokuwa kinang'aa, chenye mgongo mrefu na mikono minene.

"Hiki ndicho kiti cha mtu mwenye heshima zake."

"Hicho ni cha kusukumwa hospitalini, kutoka wodi kwenda wodi," Spoki alisema. "Dada yako anataka kwenda kazini. Mgongo mrefu utamzuia mabega. Mikono ile itagonga meza, atakata vitambaa kwa mbali kama anayepika kwenye jiko la jirani."

Viwili kati ya vile vitatu vilikuwa vya kukunja. Cha tatu hakikunjiki, lakini magurudumu yake ya nyuma yalikuwa yanachomoka kwa kubonyeza kitufe katikati.

"Cha kukunja si kibaya," Spoki alieleza. "Kinafaa mwenye nafasi ndogo ya kukihifadhi. Ila kina viungo vingi, na viungo vingi ni uzito na kulegea. Hiki kisichokunjika kinakwenda vizuri zaidi kwa nguvu ileile. Ukichomoa magurudumu, kinaingia nyuma ya teksi. Na tazama ya mbele: ni mapana, ya mpira laini. Yale madogo magumu yanazama kwenye changarawe kama kisigino cha kiatu cha harusi."

Mama alikishika fremu. Alikinyanyua kidogo kwa mkono mmoja. Badala ya kufurahi, uso wake ulibadilika.

"Ni chepesi mno. Kitaniruka."

"Kaa kwanza."

Mjomba alimbeba akamkalisha juu ya mto maalumu. Kwa mara ya kwanza mikono ya mama ilishuka ubavuni na kukutana na magurudumu bila kutafuta. Alisukuma. Kiti kikanyanyuka mbele, magurudumu madogo yakaelea hewani. Mama alipiga ukelele ambao nilikuwa nimeusikia mara moja tu, kwenye mteremko. Nilijikuta nimeshika kiti kwa nyuma, sijui nilifikaje pale.

"Nitoeni! Nitoeni humu!"

"Pumua, dada. Kosa ni langu, sijakirekebisha." Spoki alimshika mkono mpaka akatulia. Hakumwambia asiogope. "Kiti chepesi kina adabu zake. Magurudumu ya nyuma yakikaa mbele sana, kinageuka haraka lakini kinapinduka. Nitayarudisha nyuma. Na nitafunga vigurudumu viwili vidogo hapa chini, vya kukuzuia usianguke chali. Lakini na nyinyi msining'inize mikoba mizito mgongoni. Mikoba ndiyo inayopindua watu."

Alifanya kazi kwa spana nusu saa. Mama alijaribu tena. Safari hii kiti kilikaa chini.

"Na breki?" mama aliuliza. "Nilivuta breki siku ile."

"Breki hizi ni za kiti kilichosimama. Za kuhamia kitandani, za kukaa mezani. Ukiivuta kiti kikiwa mbioni, kinageuka ubavu au kinakumwaga."

"Kilinimwaga."

"Najua. Nimeona alama kwenye chuma." Spoki akanigeukia. "Na wewe, binti. Ulikuwa unamshusha vipi?"

Kila mtu alinitazama. Nilitazama matairi ukutani.

"Kwa mbele," nilisema. "Akitazama chini. Mimi nyuma, navuta." Halafu maneno yakatoka yenyewe, yale ambayo sikuwa nimeyasema kwa mtu. "Niliachia. Mimi ndiye niliyeachia."

Nilisikia pampu ya hewa mahali fulani.

"Nilikuona," mama alisema. "Ulikuwa umepiga magoti. Usingeachia ungeburuzwa, na nani angekuja kuniokota? Mjomba wako na mchanga wake?"

Mjomba alikohoa. Mimi nililia pale pale, mbele ya mafundi, bila aibu.

Spoki alisubiri nimalize. "Mtu mmoja kumshika mtu kwa namna hiyo ni kosa, lakini hukufundishwa njia nyingine," alisema. "Mteremko mkali unashukwa kinyumenyume. Mama anatazama juu. Wewe uko chini yake, mgongo wako ndio unaotangulia. Magurudumu makubwa yanashuka kwanza. Uzito unakuja kwenye mwili wako wote, si kwenye vidole. Mama naye anashika magurudumu, hayaachi. Mpaka mzoee, mtu wa pili awe chini anawaangalizia njia. Na viatu. Nikikuona na kandambili nitakufukuza."

Kiti kile kilikuwa kimetumika kabla. Spoki alibadilisha matairi na mto, akakaza spoki zote, akarekebisha mahali pa miguu kwa kipimo cha mama. Kikundi na mjomba walisaidiana kukilipia. Kwa siku tisa tulikwenda karakana kila asubuhi. Nyuma kulikuwa na njia ya zege yenye mwinuko. Tulishuka, tukapanda, tukashuka. Siku ya kwanza mama alitapika. Siku ya tatu niliota naachia tena. Mama alijifunza kugeuka, kupita kizingiti, na kujinyanyua kwa mikono kila nusu saa, kuhesabu mpaka sitini, ili damu ipite. Kila jioni nilimtazama ngozi. Lile doa lilianza kufifia.

Hofu haikufifia. Spoki alisema hofu si mbaya, mradi ishike kazi.

Jumatatu ya kwanza ya mwezi ilifika.

Nilifunga kamba za raba mara tatu. Mjomba alikuja kabla jua halijachomoza vizuri, akafagia mawe katikati ya barabara. Tulipofika mwanzo wa mteremko, tuligeuza kiti. Mama alikuwa anatazama juu, kwenye nyumba yetu. Mimi nilikuwa na mgongo kuelekea chini, na sikuona nilikokuwa nakwenda.

"Uko tayari?" nilimuuliza.

"Hapana," mama alisema. "Twende."

Hatua moja. Magurudumu yaliuma changarawe, yakasimama. Hatua ya pili. Mikono ya mama ilikaza juu ya ringi za magurudumu, yangu kwenye mishikio. Mjomba alikuwa anasema kutoka chini, "Kushoto kidogo. Jiwe. Simama. Haya." Muuza mkaa alisimama bila mzaha wowote. Pale ukutani, pale penyewe, mama alifumba macho.

"Usifumbe, mama. Nisaidie kushika."

Akayafumbua. Kiti hakikunivuta. Kiliniegemea tu, kama mtoto mwenye usingizi. Tulichukua dakika kumi na tano kufika chini. Nilipohisi ardhi tambarare, nilitaka kukaa chini, lakini mama alisema tutachelewa.

Chumbani kwao, vitambaa vya sare vilikuwa vimetandazwa. Kiti cha zamani kilikuwa hakiingii chini ya meza, mama alikuwa anakata akiwa amejipinda. Hiki kiliingia. Kifua chake kilifika ukingoni mwa meza. Kiongozi wa kikundi alikuwa ameshika mkasi. Alimkabidhi mama, akaenda kukunja kitambaa ambacho kilikuwa tayari kimekunjwa.

Sasa ni mwezi wa tano tangu siku ile. Nyonga ya mama haina doa. Kila Jumamosi napima upepo wa matairi na kusafisha nywele na nyuzi zilizojisokota kwenye magurudumu ya mbele. Mteremko bado tunaushuka kinyumenyume, na bado naogopa kidogo kila asubuhi. Mama hajawahi kuniambia hofu yake ikoje, lakini hukaa kimya mpaka tufike chini.

Wiki iliyopita, tulipofika kwenye barabara tambarare na kugeuza kiti, mama alivaa glavu zake zisizo na vidole, kama za Spoki.

"Achia," alisema.

Mikono yangu ilikataa. Nilivitazama vidole vyangu kama vya mtu mwingine.

"Mwanangu. Hapa hapana mteremko. Achia."

Niliachia kidole kimoja kimoja. Mama alisukuma magurudumu, kiti kikaenda. Si mbio, si pole. Mwendo wa mtu anayekwenda kazini. Nilibaki nyuma nimesimama.

"Unasubiri nini huko? Njoo hapa tuongee."

Nilikimbia nikamfikia, nikatembea ubavuni mwake. Kwa miaka miwili barabara hii ilikuwa ni kisogo cha mama tu. Sasa nilikuwa naona uso wake. Alikuwa na jasho kwenye pua. Alikuwa anatazama huku na huku, mabango, milango, watu. Kisha akanitazama mimi, kuanzia juu mpaka chini, kwa jicho lake la fundi.

"Pindo la sketi yako limefumuka."

"Ndiyo, mama."

"Tangu lini?"

"Muda mrefu."

"Na unatembea hivyo hivyo, mtoto wa fundi?" Alisukuma magurudumu tena. "Tukifika, vua nikushonee."